Jinsi Nilivyoifanya Seva Iwe ya Kijani

Nilistaafu miezi miwili iliyopita. Siku ya kuniaga mlinipa kanga doti tatu, saa ya ukutani, na keki yenye umbo la kompyuta ambayo kibodi yake niliimaliza mwenyewe. Kisha mmoja wenu, sitamtaja, akaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu namna ya kuchagua zana za kupima utendaji wa seva za Unix, "kwa sababu wewe mama umeziona zote." Kweli nimeziona zote, na nitawaandikia. Ila zana ya kwanza niliyoichagua kwa hiari yangu iliniletea aibu ambayo sikuwahi kumsimulia mtu, hata marehemu mume wangu, na sioni jinsi ya kuzungumza habari za zana bila kupitia hapo.

Nilianza kazi katika shirika lililokuwa likiandikisha wakimbizi, ofisi yake ikiwa Kigoma mjini, upande wa kuteremka ziwani. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta Dar es Salaam, na nilijiona nimerudi na dunia nzima kwenye mkoba. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mablanketi. Ndani mlikuwa na seva moja ya Unix, kubwa kama friji, betri za akiba, kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, na Mzee Bilali.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndoo ikijaa, unaimwaga. Hilo ndilo somo la kwanza."

Mzee Bilali alikuwa fundi mitambo wa simu kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, na alibakiwa na mwaka mmoja tu kazini. Hakuwa na grafu wala rangi. Kila siku saa mbili asubuhi, dirisha la kuhudumia watu likifunguliwa, aliandika amri fupi, vmstat, na kioo kikaanza kutoa mstari mmoja wa tarakimu kila baada ya sekunde tano: kazi ngapi ziko kwenye foleni, kumbukumbu iliyobaki, diski inasoma kiasi gani, prosesa imebaki na nafasi kiasi gani. Alinifundisha kuzisoma zikiwa zinapita. Baada ya hapo aliniacha na kioo, akaenda dirishani, akasimama pembeni ya foleni ya watu na saa yake ya mkono. Alipima muda kuanzia karani anapobonyeza kitufe cha kutafuta jina mpaka jibu linapotokea. Akirudi aliandika namba zote mbili kwenye daftari, ya mashine na ya dirishani, kando kwa kando.

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua kwenda kule wakati kila kitu kiko kwenye kioo.

"Mashine itakwambia ina shughuli au haina," akasema. "Kama inamsaidia mtu, haijui. Anayejua ni yule aliyesimama pale."

Nilitikisa kichwa kwa adabu. Moyoni niliona ni mazoea ya mzee aliyezoea kusikiliza waya. Alipostaafu akahamia kwa binti yake, mtaa wa Mwanga, nikaachiwa funguo za chumba, ndoo na daftari. Ndoo niliendelea kuimwaga. Daftari nililiweka kabatini.

Mwaka huo Warundi walivuka kwa wingi. Kambi zilizokuwepo zilijaa, zikafunguliwa nyingine, na majina ya watu wote hao yaliingia kwenye ile seva moja. Lazima niwaeleze jambo kuhusu majina ya Kirundi, maana ndiyo yaliyoifanya kazi yetu iwe ngumu. Kwetu Ujiji ukimjua mtoto wa nani, umeshajua nusu ya jina lake. Warundi hawana jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake peke yake, na ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo mama anapomtafuta mwanawe aliyepotezana naye njiani, na mtoto kaandikishwa na jirani kwa jina ambalo huyo jirani alizoea kumwita, njia inabaki moja tu: kumtafuta kwa jina la mama. Na sisi hatukuwa tumeipangia seva faharasa ya majina ya wazazi. Ilibidi isome rejista yote, mtu mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu hadi chini. Kutafuta mtu kwa jina lake kulichukua sekunde mbili tatu. Kutafuta kwa jina la mama kulichukua dakika kadhaa, na wakitafuta makarani watatu kwa pamoja, mashine ilikuwa inahema.

Makao makuu wakaniandikia nichague zana ya kufuatilia utendaji, na kwamba nikichagua vizuri itapelekwa kwenye ofisi nyingine zote. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni zile amri za Mzee Bilali: nyepesi, za bure, ziko ndani ya Unix yenyewe, ila zinakuonyesha sasa hivi tu, na ukigeuza shingo umepitwa. Ya pili ni sar, inayokusanya takwimu mchana kutwa na kuzihifadhi, ili kesho uweze kujua jana saa nne kulitokea nini. Haina sura. Ya tatu ilikuwa programu ya grafu. Hii ilichora mistari yenye rangi, kijani kwa uzima, njano kwa tahadhari, nyekundu kwa hatari, na ukurasa wake uliweza kufunguliwa na bosi yeyote mahali popote bila kujua hata jinsi ya kuwasha seva.

Mtu mwenye akili angechukua ya pili, akaiongezea matembezi ya dirishani. Mimi nilichukua ya tatu kwa sababu ilikuwa nzuri machoni, na kwa sababu nilijua macho ya nani yangeitazama. Sina namna ya kulipamba jambo hili. Nilitaka kuonekana.

Wiki ya kwanza grafu yangu ilikuwa nyekundu tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Ujumbe ukaanza kuja kutoka makao makuu: Kigoma kuna nini? Niliomba kumbukumbu ya kuongeza kwenye seva nikaambiwa iko njiani, na kwa Kigoma neno njiani linaweza kuchukua misimu miwili ya mvua. Wageni wangefika baada ya wiki mbili kuja kuiona zana yangu. Kutengeneza faharasa ya majina ya wazazi kungetaka kuifunga seva siku mbili nzima, na sikuthubutu kuomba siku mbili za kufunga wakati mabosi wanatazama.

Basi nikaandika skripti. Mistari kumi na mmoja tu, naikumbuka mpaka leo. Kila baada ya sekunde tano ilipita kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, na kazi yoyote ya kutafuta iliyovuka sekunde arobaini iliiua. Nilijiambia kwamba kazi ndefu namna ile lazima imekwama. Nikaijaribu kwa kulitafuta jina langu mwenyewe kwenye orodha ya watumishi, likaja mara moja, nikaridhika. Kesho yake grafu ilikuwa ya kijani kibichi, asubuhi mpaka jioni.

Nisichokijaribu ni hiki: programu ya dirishani ilifanya nini pale kazi yake inapouawa. Ilimletea karani ukurasa mtupu, na chini yake maneno "Walioonekana: 0". Haikusema nimekatizwa. Ilisema sifuri, na karani akamwambia aliyesimama mbele yake kwamba mtu wake hayupo.

Dirishani alikuwepo karani anayeitwa Anselmi. Mwenyewe alikuwa mkimbizi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao, na sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtaratibu hadi wengine walikuwa wakichoka kumsubiri amalize sentensi. Siku kama ya tano ya skripti alikuja mlangoni kwangu na kijidaftari.

"Mwakeye, Dada Mwajuma."

"Mwakeye neza, Mwalimu. Kuna nini?"

"Hii sifuri, dada, si sifuri ya kweli. Nikitafuta mtu kwa jina lake, anakuja haraka au anakosekana haraka. Nikitafuta kwa jina la mama, kila mara sifuri, na kila mara inachelewa vilevile, kama dakika. Watu wote hawawezi kukosekana kwa dakika moja."

Nilijua. Nataka mlielewe hilo, maana kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba sikujua. Aliposema "kama dakika" nilizikumbuka sekunde arobaini zangu. Lilikuwa suala la kukaa chini nusu saa na kujaribu. Lakini wageni walikuwa wamebakiza siku chache, na grafu ilikuwa ya kijani, nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Kwenye kijidaftari aliandika kila mtu aliyepewa sifuri na mahali anapoishi. Wa kwanza kabisa alikuwa Rejina, mwanamke wa kambi moja ya upande wa Kasulu, aliyepotezana na binti yake wa miaka sita, Spesiosa, usiku wa kuvuka mpaka. Alikuja kwa lori la mkaa, akaambiwa hayupo. Wiki iliyofuata akaja tena, hayupo. Mara zote mbili Mwalimu ndiye aliyemhudumia, na mara zote mbili alimwambia kwa Kirundi asikate tamaa kwanza, mashine ina kasoro, arudi tena.

Wageni wakaja. Tukakaa kwenye ukumbi mdogo, nikawaonyesha mistari yangu ya kijani, wakatikisa vichwa kwa furaha. Mwalimu Anselmi akanyoosha mkono. Akasema kwa upole wake ule kwamba pengine grafu haioni yanayotokea dirishani, na akaomba kusoma kijidaftari chake.

Nikacheka. Nikasema, "Mwalimu, mashine ni nzima, kila mtu anaiona. Labda vidole ndivyo vizito."

Ukumbi ukaangua kicheko. Alikaa chini, akakifunga kijidaftari, akakiweka mfukoni na kukifunga kifungo cha mfuko. Kesho yake mkuu wa ofisi akamtoa dirishani, akampeleka kupanga kadi za zamani stoo, akamweka karani kijana, mchangamfu, mwenye vidole vyepesi. Sikumtetea. Hata salamu ya asubuhi nilianza kuikwepa, nikawa napitia mlango wa jenereta.

Kwa wiki tatu nilipongezwa. Kisha siku moja Mzee Bilali akapita kunisalimia, akitoka hospitali kucheki macho. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akaisifu grafu kwa neno moja, "Inang'aa," halafu akaniomba ruhusa ya kuandika amri zake kidogo, kwa kuzikumbuka tu. Tarakimu zikaanza kuteremka. Akazitazama. Akafungua orodha ya kazi zilizomalizika siku hiyo, akasogeza miwani.

"Mwanangu, hizi kazi zinazokufa zote kwenye sekunde arobaini na kitu, nani anaziua?"

Nilijibu, "Mimi."

Hakunigombeza. Aliuliza tu ni kazi za nini, nikamwambia. Akasema, "Nenda kamwite karani wako." Nilifikiri anamaanisha yule kijana. "Yule aliyeandika," akasema, maana habari ya kijidaftari ilikuwa imemfikia hadi Mwanga, na kicheko changu pia.

Mwalimu alikuja kutoka stoo na vumbi la kadi kwenye mikono ya shati. Niliiondoa skripti mbele yake. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika jina la Rejina kwenye nafasi ya mama, akabonyeza. Tulisubiri dakika nne na zaidi kidogo, watu watatu tukitazama kioo kisichosema kitu. Kisha ukatokea mstari mmoja. Mtoto wa kike, miaka sita, jina tusilolijua, mama Rejina, kijiji kilekile, ameandikishwa na jirani. Alikuwa kambi nyingine, nusu siku kwa lori kutoka kwa mama yake. Alikuwa kwenye rejista tangu kabla Rejina hajaja mara ya kwanza.

Tuliendelea na kurasa zote hadi alasiri. Wengine walitokea, wengine hawakutokea kweli. Wa tatu kutoka mwisho Mwalimu alisita, akasema huyu amesharudi Burundi, basi, akageuza ukurasa.

Mkuu wa ofisi alitaka taarifa ya maandishi. Niliandika kwamba matokeo ya utafutaji yaliathiriwa na hitilafu ya diski. Nilimpa Mwalimu aisome kwa sababu alitakiwa kutia sahihi kama shahidi. Alisoma pole pole, akanirudishia bila kusaini, akasema amesahau miwani. Mwalimu Anselmi hakuwa akivaa miwani.

Siku mbili baadaye tulipewa gari twende tukampe Rejina habari, mimi kama mwakilishi wa ofisi, Mwalimu kama mkalimani. Tulipopita Kidahwe dereva aliuliza kama tununue ndizi, hakuna aliyemjibu, akanunua zake.

Tulimkuta nje ya kibanda chake, kichwa kimenyolewa. Majirani walikuwa wakikusanya mikeka. Mwalimu alimsalimia, akamuuliza, kisha akanigeukia kunieleza. Rejina alikuwa ametoka kumaliza msiba, ile shughuli wanayoiita kuganduka. Alikuwa amekwenda Kigoma mara ya tatu, mimi nikipokea pongezi zangu. Karani mpya, kwa uchangamfu wake wote, alimwambia hayupo, na hakuwepo tena mtu wa kumwambia asikate tamaa. Alirudi, akamlilia mwanawe, akagawa nguo ndogo alizokuwa amezibeba tangu kwao, akamuaga na kumaliza.

Mwalimu akamwambia mtoto yuko hai, na kwamba keshokutwa lori litamleta. Rejina hakupiga kelele. Aliketi chini palepale kwenye udongo, akakishika kichwa chake kisicho na nywele kwa mikono yote miwili, akarudia jina la Spesiosa mara nyingi. Jirani mmoja aliyekuwa amepewa gauni la mtoto aliingia kibandani kwake mbio, akatoka nalo.

Alipoinuka aliuliza swali. Mwalimu akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, lugha ambayo Rejina hakuijua:

"Anauliza kwa nini mara tatu zile hakuonekana. Nimjibu nini, dada?"

Alinitazama usoni, akasubiri. Angeweza kumjibu mwenyewe, alikuwa na kila neno. Aliniachia mimi.

Nikasema, "Mwambie mashine ilikuwa mbovu."

Mama yangu mzazi ni Muha wa Kalinzi. Kiha nimekinyonya, na Kiha na Kirundi hukaribiana kiasi kwamba ukijua kimoja cha pili hakikupiti. Mwalimu alilijua hilo vizuri, tulikuwa tumesalimiana kwa lugha hizo kila asubuhi kwa mwaka mzima. Alimgeukia Rejina, na kwa sauti ya wazi, bila haraka, akamwambia kwamba mwanamke huyu ndiye msimamizi wa mashine, kwamba kosa lilikuwa lake, na amekuja mwenyewe. Arasaba imbabazi. Anaomba msamaha.

Nilisimama pale nikiisikia kila herufi. Rejina alinikaribia, mikono yake ikiwa na udongo, akanishika yangu yote miwili. Nilidhani atanipiga, na Mungu ni shahidi yangu, ningeshukuru. Alinitazama, akasema neno moja: "Ndamubabariye."

Mwalimu akalitafsiri, ingawa alijua halikuhitaji kutafsiriwa. "Amesema amekusamehe, dada."

Akaniachia nafasi tena. Rejina alikuwa bado amenishika mikono. Kwa Kiha changu cha Kalinzi ningeweza kumwambia mwenyewe, uso kwa uso, na angenielewa.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mwambie asante."